Mvua Thelathini

Watu wa mahabusu wana lugha yao, na katika lugha hiyo mwaka mmoja wa kifungo huitwa mvua. Hawasemi fulani amefungwa miaka 30. Husema amepigwa mvua thelathini. Huko mijini neno hili lasemwa kwa mzaha, walakini hapa Songea, ambako mvua huja kwa msimu mmoja tu, zikaanza Novemba na kukoma Aprili, na mkulima akawa na nafasi moja ya kupanda mahindi yake ambayo akiikosa hana nyingine mpaka mwaka mzima umegeuka, halina mzaha hata chembe; kwani mvua moja kwetu ni shamba moja, ghala moja, na karo ya mtoto mmoja.

Mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha, niliketi katika ukumbi wa mahakama moja ya wilaya mkoani humu nikisikiliza mashauri yasiyonihusu, kwa kuwa wakili niliyekwenda kumwona alichelewa. Akaletwa kijana ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka 25, amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, mwenyeji wa vijiji vile vinavyopakana na ushoroba wa wanyama uunganishao mbuga za Selous na Niassa ya Msumbiji, upitao Namtumbo na Tunduru. Alikuwa amekutwa na kilo nne za nyama kavu ya nyati ndani ya kiroba cha unga. Hakukana. Alipoulizwa ana neno gani la kuiomba mahakama impunguzie adhabu, alisema yale ambayo kila aliyewahi kukaa katika benchi lile anayajua kwa ghaibu: kwamba ni kosa lake la kwanza, kwamba ana mke na mtoto wa kunyonya, na kwamba mama yake ni mzee na hana mwingine wa kumtazama. Hakimu akafungua kitabu cha sheria, akakifasiri kifungu polepole, akafika penye neno "kisichopungua", akanyamaza, akalirudia, kisha akasema kwamba kijana atatumikia kifungo cha miaka 20.

Neno hilo ndilo lililonishughulisha tangu siku ile. Yule hakimu alikuwa amemwona kijana uso kwa uso, amemsikia, amepima kilo nne zile kwa akili yake, na huenda moyoni mwake alikwisha pata kadiri ya adhabu iliyostahili. Lakini sheria ilikuwa imekwisha pima kabla yake, bila ya kumwona mtu yeyote, na kumwachia yeye kazi ya kutangaza tu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yaliyoifuata, humtaka aliyepatikana na nyara ya serikali pasipo kibali atozwe faini isiyopungua mara kumi ya thamani ya nyara hiyo, au afungwe kifungo kisichopungua miaka 20 wala kisichozidi 30, au vyote viwili. Na nyama, iwe kilo nne au iwe kipande cha kutosha kitoweo cha jioni, aghalabu huthaminiwa kwa bei ya mnyama mzima, kwa hoja kwamba nyati hafi robo. Faini ya namna hiyo hufika makumi ya mamilioni ya shilingi, fedha ambayo ukoo mzima wa kijana yule haujapata kuishika tangu babu wa babu.

Sharti nikiri, maana insafu yataka hivyo, kwamba sheria ile haikutungwa kwa chuki. Ndovu wa Selous, waliokuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976, walipohesabiwa mwaka 2013 walionekana kubaki takriban 13,000 tu. Watu wenye magari, bunduki na wanunuzi ng'ambo ya bahari walikuwa wamewamaliza, na taifa lilikuwa na haki ya kughadhibika. Ila wavu ulifumwa kwa ajili ya papa, na kila nipitapo mahakamani naona dagaa.

Mtu wa Songea haandiki habari ya adhabu asipite kwanza makaburini. Pale Makumbusho ya Majimaji pana kaburi moja walimolazwa watu 66 walionyongwa na Wajerumani kwa ajili ya Vita vya Majimaji, na kando yake kaburi la Nduna Songea Mbano peke yake, aliyenyongwa siku chache baada ya wenzake, na ambaye wazee husema kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Wengi wao walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na wote walikuwa wamehukumiwa kwanza. Nasisitiza hilo la kuhukumiwa: hawakuuawa vitani, walihukumiwa kisha wakanyongwa. Machifu na manduna, wazee na vijana, aliyeamuru na aliyebeba maji yake ya dawa, wote walipata kipimo kimoja. Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa, akasimama mbele ya makaburi hayo na mbele ya kizazi cha Mbano, akaomba msamaha. Nilipokuwa nikilitafakari jambo hilo nilijiambia kwamba ubaya wa hukumu zile haukuwa katika kamba peke yake. Ulikuwa pia katika ule usawa wa uongo, wa kuwapa adhabu moja watu ambao matendo yao hayakuwa mamoja.

Enzi ile ya Wajerumani iliacha katika lugha yetu jina "hamsa ishirini", yaani viboko 25, vilivyokuwa malipo ya uvivu na ya jeuri na ya kutoelewa amri, vyote kwa hesabu ile ile. Waingereza walipochukua nchi walileta kwanza kanuni za Bara Hindi, na mwaka 1930 wakatunga Kanuni ya Adhabu ambayo, ingawa imetiwa viraka vingi, ndiyo tunayoifuata hadi leo. Mwaka uliofuata Idara ya Magereza ikatengwa na Polisi ikawa na mkuu wake. Katika kanuni ile ya 1930 makosa mengi yalipewa ukomo wa juu tu: kisichozidi miaka mitano, kisichozidi miaka saba. Chini ya ukomo huo hakimu aliachiwa uwanja, na uwanja huo ndio uitwao uamuzi. Kwamba mahakimu wa kikoloni waliutumia uwanja huo kwa upendeleo wa rangi ni kweli isiyohitaji ushahidi. Lakini uwanja ulikuwapo.

Waliouziba ni sisi wenyewe. Mwaka 1963, uhuru ukiwa haujatimiza miaka miwili, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu, iliyosema kwamba mwizi wa mali ya umma, mwizi wa ng'ombe, mvunja nyumba na mla rushwa wafungwe kwa kipindi kisichopungua miaka miwili, na pamoja na kifungo wapigwe viboko 24: viboko 12 waingiapo gerezani, na 12 siku ya kutoka, ili, kama ilivyosemwa, wakawaonyeshe wake zao. Mlango mdogo uliachwa wazi kwa mkosaji wa mara ya kwanza, ikiwa mali haizidi shilingi 100 na ikiwa pana sababu za pekee. Nia yake ilikuwa njema. Taifa changa, lisilo na akiba, liliona kila senti iibwayo ni dawa iliyokosekana zahanati. Hata hivyo mwaka 1972 sheria hiyo ilifutwa ikatungwa nyingine, viboko vikaondolewa na miaka ikaongezwa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa. Na tangu hapo kila muongo umeongeza neno lake la "kisichopungua". Unyang'anyi wa kutumia silaha ukafika miaka 30. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikaweka miaka 30 kwa ubakaji, na maisha kwa amwingiliaye mtoto wa chini ya miaka kumi. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, na ampaye mimba mwanafunzi naye akapewa 30. Msomaji ataona namna tarakimu ile 30 ilivyogeuka kuwa kipimo cha kila ghadhabu, mithili ya muuza duka aliye na jiwe moja tu la mizani, akapimia dhahabu na kupimia chumvi.

Hapa napenda nikawie kidogo, kwa sababu jambo hili la mwisho lagusa nyumba nyingi za mkoa wetu na watu huliongea kwa kunong'ona. Hakuna mwenye imani atakayemtetea mtu mzima anayeharibu mtoto, wala mwalimu amgeuzaye mwanafunzi kitoweo, na kwangu mimi miaka 30 kwa mtu wa namna hiyo si mingi. Lakini sheria ile ile husema kwamba kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama ameridhia, isipokuwa awe ni mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Ndipo ukumbuke Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Basi chukua msichana wa miaka 16 katika kijiji chochote cha hapa: akipelekewa posa na mzee wa miaka 50 aliye na ng'ombe, hiyo ni harusi na ngoma italia; akipendana na kijana wa miaka 19 asiye na kitu, hiyo ni mvua thelathini. Chukua tena vijana wawili waliofanya tendo moja: wa kwanza hajavuka miaka 18, naye akiwa mkosaji wa mara ya kwanza sheria yampa viboko tu, wa pili amemzidi kwa miezi michache, naye atatoka gerezani akiwa na mvi. Binti mmoja wa Kitanzania, Rebeca Gyumi, aliipeleka Sheria ya Ndoa mbele ya Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwezi Oktoba 2019 na kuitaka serikali iirekebishe. Hukumu ile ilisifiwa, na yastahili sifa, kwa ajili ya wasichana. Mimi naisifu pia kwa kuwa ilikidhihirisha kipimo chenye nyuso mbili, ambacho maskini huona upande mmoja na mwenye mali upande wa pili.

Wanaotetea viwango vya chini wana hoja ambayo si ya kupuuzwa, nami nimeisikia vinywani mwa wazee ninaowaheshimu. Husema: tukimwachia hakimu uwanja, tumemfungulia duka. Mtoto wa tajiri atapewa faini na onyo, mtoto wa mkulima atapewa jela. Yule aliyevunja nyumba ya mjane atarudi kijijini baada ya wiki mbili, akipita mbele ya mlango ule ule akiimba. Jirani yangu aliibiwa mashine yake ya kushonea, chombo pekee kilichowalisha wanawe watatu, na aliponiuliza kwa nini mwizi ahurumiwe, sikuwa na jibu la haraka. Hofu ya rushwa ni hofu ya kweli.

Walakini tazama kilichotokea. Uwanja wa uamuzi haukufutika; umehamishwa tu kutoka mkononi mwa hakimu, aketiye mbele ya watu na kuandika sababu zake na kukatiwa rufani, ukaingia mkononi mwa aandikaye hati ya mashtaka, ambaye hufanya kazi yake ofisini, mlango umefungwa. Vijana wawili wamempokonya mtu simu na mmoja wao alikuwa na kisu. Je, ni wizi wa kutoka maungoni, ni unyang'anyi, au ni unyang'anyi wa kutumia silaha? Baina ya jina la kwanza na la mwisho pana umbali wa miongo miwili na zaidi ya uhai wa mtu, na umbali huo huamuliwa kwa kalamu ya mtu mmoja kabla hakimu hajapanda kitini. Kadhalika kwa mauaji na kuua bila kukusudia: la kwanza halina dhamana wala halina adhabu nyingine ila kunyongwa, la pili laweza kuisha hata kwa kuachiliwa kwa masharti. Ikiwa tuliogopa duka, basi duka limefunguliwa uchochoroni. Tangu mwaka 2019 sheria imeruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka wapatane juu ya kosa la kukiri, jambo jema kwa kupunguza msongamano. Lakini fikiri nguvu ya aliyeshika "kisichopungua miaka 20" mkononi anapopatana na mtu aliyekwisha lala mahabusu mwaka mzima bila ya wakili.

Kuhusu huko mahabusu nitasema machache, kwa kuwa mengi yamekwisha semwa. Magereza yetu ya Tanzania Bara yalijengewa nafasi ya watu wasiofika 30,000, na kwa miaka mingi yalibeba zaidi ya hao, na sehemu kubwa ya waliomo hawajahukumiwa kwa lolote. Wangojea upelelezi ukamilike. Asubuhi za siku za kesi karandinga husimama nje ya mahakama, washtakiwa hushuka na kuchuchumaa wawili wawili wahesabiwe, na ng'ambo ya barabara wamekaa kina mama na vyombo vya chakula vilivyofungwa kwa khanga, kila mmoja akinyoosha shingo atafute uso wake. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu kinachonyima dhamana kwa orodha nzima ya makosa chapingana na Katiba. Kabla mwaka haujaisha Mahakama ya Rufani ilikataa uamuzi huo. Karandinga likaendelea kuja.

Na aliyehukumiwa bila wakili hupewa siku kumi za kutoa taarifa kwamba ataka kukata rufani, na siku 45 za kuwasilisha sababu zake. Kwa muda wa karibu karne nzima, mtu aliyesomewa hukumu kwa Kiswahili alitakiwa kuipinga hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawajui hata kuamkiana kwayo, na rufani nyingi zilizotoka magerezani ziliandikwa na mfungwa mwenzao aliyesoma kidogo, kwa kalamu ya kuazima. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria. Sikumbuki marekebisho ya sheria yaliyonifurahisha kuliko hayo, ingawa utekelezaji wake wenda mwendo wa kobe.

Lugha yenyewe imehifadhi historia ya nyumba hizi. Wataalamu husema neno "gereza" tulilipata kwa Wareno, na kwamba kwao lilikuwa ni kanisa. Nyumba ya toba ikageuka nyumba ya minyororo. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamechagua kuiita Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ni mwanafunzi. Jina pekee halimfundishi mtu, lakini nimelipenda, maana lauliza swali ambalo sisi wa Bara hatujaulizana vya kutosha: mtu huyu yumo humu ili apate nini? Hapa Ruvuma tuna magereza ya kilimo, kama Kitai upande wa Mbinga na Mahanje upande wa Madaba, na mfungwa aliyelima huko huweza kutoka akijua kilimo kuliko jirani yake aliye huru. Hilo ni jema kwa aliyefungwa miaka miwili au mitatu. Kwa mwenye mvua thelathini, ambaye hata akipunguziwa theluthi kwa mwenendo mwema atatumikia 20, ujuzi huo autumie katika shamba gani? Shamba la baba limekwisha gawanywa, mke ameolewa kwingine na hakuna wa kumlaumu, na mtoto aliyeachwa akinyonya sasa naye ana mtoto.

Sheria za kupunguza ukali huo zipo, nazo ni nzuri kuzisoma. Sheria ya Bodi za Parole ilipitishwa mwaka 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 2002, imruhusuyo hakimu, pale ambapo kifungo kisingezidi miaka mitatu, amwamuru mkosaji afagie hospitali au achimbe mtaro wa shule akilala nyumbani kwake. Kasoro yake ni ile ile: parole imewafungia mlango wengi wa wenye vifungo virefu kwa kutaja majina ya makosa yao, na huduma kwa jamii haiwezi kumfikia yule ambaye sheria imekwisha sema hapungukiwi miaka 20. Mlango umewekwa kwa wale ambao wangeliweza kupita hata dirishani.

Ndipo tukabakiwa na msamaha wa Rais, alioruhusiwa na Ibara ya 45 ya Katiba, utolewao hasa siku za sherehe za taifa. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157, na nchi nzima ilishangilia ilipowaona wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza wakitoka, baada ya kuwa kifungoni tangu 2004 kwa hukumu ya maisha. Nami nilishangilia. Lakini miezi michache baadaye, mwaka 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua kwamba katika kesi yao haki ya kusikilizwa kwa insafu ilivunjwa. Mtu aliyesikilizwa isivyo haki anadai haki. Msamaha humpa sadaka. Na sadaka, kwa tabia yake, humfikia mwenye jina kabla ya asiye na jina, tena huja pale mtoaji apendapo. Serikali inayolazimika kuwasamehe maelfu kwa maelfu kila miaka michache, ili magereza yapate kupumua, yakiri kwa vitendo kwamba waliingizwa wengi kuliko waliostahili, au kwa muda mrefu kuliko waliostahili, lakini hairudi nyuma kuisahihisha mizani iliyowaingiza.

Majirani zetu wameanza kurudi nyuma. Msumbiji, ng'ambo ya mto huu Ruvuma unaochimbuka katika vilima vyetu vya Matogoro, iliifuta adhabu ya kifo katika Katiba yake ya mwaka 1990. Malawi, ng'ambo ya ziwa, iliamua mwaka 2007 katika shauri la Kafantayeni kwamba hakimu asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, na baadaye ikawarudisha mahakamani mmoja mmoja wale waliohukumiwa chini ya ulazima ule. Wasikilizwe upya kuhusu adhabu tu: nani alikuwa mgonjwa wa akili, nani alikuwa mtoto, nani alichokozwa. Zaidi ya watu 100 waliachiliwa huru. Uganda ilifikia uamuzi kama huo mwaka 2009 katika shauri la Susan Kigula, na Kenya mwaka 2017 katika lile la Muruatetu. Kwetu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alithubutu mwaka 1994 kutamka kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Na mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliiambia Tanzania waziwazi kwamba ulazima wa hukumu hiyo wakiuka haki ya uhai, kwa kuwa humnyima hakimu wasaa wa kumtazama mtu aliye mbele yake. Hoja hiyo haina mpaka katika kamba. Lau kumnyima hakimu macho ni dhuluma katika kifo, itakuwaje isiwe dhuluma katika miaka 30?

Mwezi Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kutazama taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na katikati ya mwaka huo ripoti yake ikakabidhiwa. Mahakama nayo imekwisha kuwa na mwongozo wa utoaji adhabu, kama Uganda ilivyofanya mwaka 2013 na Kenya 2016. Miongozo hii ndiyo jibu la wale wazee wanaoogopa duka: hakimu arudishiwe uwanja, lakini uwe na mistari, aseme anaanzia wapi, nini kilichomwongezea mkosaji, nini kilichompunguzia, na aandike sababu ambazo jaji wa juu, na hata yule mama wa mashine ya kushonea, wataweza kuzisoma. Mwongozo, hata hivyo, hauna nguvu juu ya sheria ya Bunge. Palipoandikwa "kisichopungua", mwongozo husimama nje kama mgeni asiye na hodi. Hivyo kazi imo Bungeni, na ni kazi ya kwenda kifungu kwa kifungu na kuuliza kila mara: neno hili lamlinda nani?

Wamatengo wa Mbinga walikuwa na kitu kiitwacho sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja chini ya mzee wao, na kabla au baada ya kula yakaletwa mashauri, aliyekosa akasemwa hadharani, akalipa, akala. Siisifu kupita kiasi. Wanawake hawakuketi pale, na mzee dhalimu alikuwa dhalimu hata akiwa na sahani mkononi. Lakini jambo moja la sengu silioni katika mahakama zetu: aliyeibiwa alirudishiwa. Kanuni ya Adhabu yaruhusu hakimu aamuru fidia, nami nimehudhuria hukumu nyingi nisisikie fidia ikitajwa. Jirani yangu hakupata mashine. Mwizi alipofungwa, karani alimwambia tu kwamba haki imetendeka, na hukumu ilisomwa kwa lile neno la siku zote, kwamba iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Nao hao wengine hawakuwamo ukumbini. Cesare Beccaria wa Italia aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu asitende kosa ni yakini ya kukamatwa zaidi kuliko ukali wa adhabu, na yeyote aliyekaa kijijini anajua ukweli wake: kijana anayekwenda porini kwa njaa hahesabu miaka, huhesabu askari wa wanyamapori wako upande gani.

Siku ile ya Desemba, kesi ilipokwisha, kijana wa kilo nne alitolewa kwa mlango wa nyuma, nami nikatoka kumtafuta wakili wangu. Kwenye dirisha la karani alisimama mama yake, kitenge kimelowa mabegani kwa mvua, ameshika kikapu ambacho chakula chake hakikuliwa. Karani, mtu mwenye adabu, alikuwa akimweleza habari ya nakala ya hukumu na zile siku kumi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Mwanangu, hiyo ishirini, na mvua hii iliyokwisha kuanza imo?" Karani akainamisha macho kwenye daftari lake. "Imo, mama," akamjibu. Mama akashukuru, akasema kwamba basi zimebaki kumi na tisa, akajitwika kikapu, akashika njia ya stendi awahi gari la mchana, maana alikuwa amemwachia mkwewe mbegu na shamba lilikuwa halijapandwa.